Kuvuja kwa maji katika mlango wa gari

Kuvuja kwa maji katika mlango wa gari ni hali ya maji ya mvua au ya kuoshea gari kupita mlangoni na kuingia wanapokaa abiria, au kunaswa ndani ya mlango wenyewe bila kupata njia ya kutoka. Ni hitilafu ya kawaida katika magari yaliyotumika kwa miaka mingi, hasa pale mipira ya mlango imekakamaa na matundu ya kutolea maji yamejaa udongo.

Watu wengi hudhani kwamba mlango mzima ni ule usioingiza maji hata tone. Sivyo. Karibu kila mlango wenye kioo cha kushuka na kupanda huingiza maji kiasi kila mvua inaponyesha, na umeundwa ukijua hivyo. Tofauti kati ya mlango mzima na mlango mbovu ni njia ya kutokea: katika mlango mzima maji hushuka ndani, hufika chini na kumwagika nje, katika mlango mbovu hubaki humo au hugeukia upande wa abiria.

Makala hii inaeleza hitilafu hiyo kwa jumla, pamoja na hali ya Dumila na sehemu nyingine za Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, Tanzania, ambako vumbi la kiangazi na mvua za masika hufuatana.

Muundo wa mlango

Mlango wa gari una tabaka tatu. La kwanza ni bati la nje lililopakwa rangi. La pili ni bati la ndani, lenye matundu makubwa ambayo fundi hupitishia mkono ili kufikia kitasa, mota na mashine ya kioo. La tatu ni kava, yaani ubao wa plastiki, kitambaa au ngozi unaoonekana na abiria na kubeba mkono wa kufungulia, swichi na mara nyingi spika. Kati ya mabati hayo mawili kuna uwazi ambamo kioo huteremkia.

Sehemu zinazohusika na maji ni hizi:

- Mipira ya kioo: vipande virefu vinavyokigusa kioo pale kinapozama mlangoni, kimoja nje na kimoja ndani. Hupunguza maji lakini hayazuii yote.
- Mipira ya reli: ile inayokishika kioo pembeni na juu kinapopanda.
- Mpira wa mlango: mpira mnene wenye uwazi ndani, unaozunguka mlango au fremu ya gari. Hubonyea mlango unapofungwa na kuziba nafasi iliyobaki.
- Karatasi ya nailoni: karatasi ngumu iliyogandishwa kwenye bati la ndani, nyuma ya kava. Ndiyo inayotenga sehemu yenye maji na sehemu kavu. Katika baadhi ya magari huwa ni sponji nyembamba yenye ngozi ya plastiki.
- Matundu ya kutolea maji: nafasi ndogo kwenye ukingo wa chini wa mlango, kwa kawaida mbili au zaidi.
- Bomba la nyaya: mpira wenye mikunjo karibu na bawaba, unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi hadi mlangoni.

Karatasi ya nailoni haionekani bila kuvua kava, na kwa sababu hiyo husahauliwa. Lakini ndiyo chanzo cha visa vingi vya kapeti kulowa.

Sababu

Sababu ya kwanza ni karatasi ya nailoni kuchanika au kubanduka. Hili hutokea mara nyingi baada ya matengenezo mengine. Fundi anayebadilisha kitasa, mota ya kioo au spika huivuta karatasi, akimaliza huirudisha bila gundi, huikata apate nafasi ya mkono, au huitupa kabisa. Mlango hufungwa ukiwa safi kwa macho, na hitilafu hujitokeza miezi kadhaa baadaye mvua zinapoanza. Mwenye gari huwa hakumbuki tena kwamba mlango uliwahi kufunguliwa.

Sababu ya pili ni matundu ya chini kuziba. Vumbi linaloshuka na kioo huchanganyika na maji, hukauka na kuwa udongo mgumu. Majani, mchanga na rangi iliyopulizwa ovyo wakati wa kunyoosha bodi huziba vilevile.

Sababu ya tatu ni mpira kuchoka. Jua huukausha, hukakamaa, hupasuka kwenye kona na kupoteza uwezo wa kurudi katika umbo lake. Mpira wa mlango wa dereva huchakaa mapema zaidi kwa kuwa hukanyagwa na kusuguliwa kila anapopanda na kushuka.

Sababu ya nne ni mlango kukaa vibaya. Bawaba zikilegea mlango huinama nyuma. Baada ya ajali ndogo, mlango unaweza kufungika vizuri na bado ukaacha nafasi ya milimita chache kwenye kona ya juu.

Sababu nyingine ni bomba la nyaya kuchomoka, spika kufungwa bila mpira wake wa kuzuia maji, na kioo kutofika juu kabisa.

Hali ya Dumila na Kilosa

Dumila ni mji mdogo kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, mahali inapoanzia barabara ya kwenda Kilosa kupitia Rudewa. Magari mengi hupita au kusimama hapo: mabasi, malori, na magari madogo yanayobeba watu na mazao kutoka vijijini. Magari madogo mengi ya Tanzania hununuliwa yakiwa yameshatumika Japani, kwa hiyo mipira yake huwa na umri wa miaka kabla hata hayajateremshwa katika bandari ya Dar es Salaam.

Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi, na njia za vumbi za kuingia mashambani huujaza mlango unga mwembamba wa udongo. Masika ya Machi hadi Mei yanapofika, unga huo hugeuka tope. Ndiyo maana gari ambalo halikuvuja mwaka uliopita linaweza kuvuja katika mvua kubwa ya kwanza ya mwaka unaofuata, ingawa hakuna kilichovunjika.

Eneo hili pia limepata mafuriko makubwa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mji wa Kilosa ulifurika na reli ya kati ikakatika. Mnamo Januari 2014 mafuriko yaliikumba Dumila na Magole na kuharibu daraja la Mto Mkundi, hata mawasiliano ya barabara kati ya Morogoro na Dodoma yakakatika. Gari lililozama ni jambo jingine kuliko gari linalovuja, nalo limeelezwa katika sehemu yake hapa chini.

Dalili na madhara

Dalili ya mapema ni mlio wa maji yanayocheza mlangoni gari linapopiga breki, kukata kona au mlango unapofungwa. Dalili nyingine ni kapeti yenye unyevu pembeni mwa kiti, vioo kujaa mvuke asubuhi, harufu ya uvundo, spika inayokwaruza, na kioo cha umeme kinachopanda polepole au kukwama.

Madhara yake huongezeka kwa hatua. Chini ya kapeti kuna sponji nene inayonyonya maji na kuyashika kwa wiki nyingi, hata kapeti ikionekana kavu juu. Hapo huota ukungu, unaoweza kuwasumbua wenye pumu. Mzigo nao huharibika: gunia la mchele lililolazwa sakafuni usiku mmoja hunyonya maji kutoka chini.

Katika magari mengi nyaya hupita chini ya kapeti, kando ya kizingiti cha mlango. Soketi zake zikiota kutu, hitilafu huonekana mbali na chanzo: taa ya dashibodi kuwaka bila sababu, kitasa cha nyuma kutojibu, au betri kuisha gari likiwa limezimwa. Mwenye gari anaweza kununua mota, swichi na hata betri mpya kabla ya mtu kuinua kapeti.

Mwisho ni kutu ya bati. Mlango huoza kuanzia ndani, kwenye mkunjo wa chini ambako bati la nje limekunjwa juu ya la ndani. Malengelenge ya rangi yanapoonekana nje, bati la ndani huwa limeshaliwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo mlango ulioshika lita tano huongezewa mzigo wa kilo tano juu ya bawaba zilezile.

Kutofautisha na vyanzo vingine

Si kila kapeti iliyolowa imeloweshwa na mlango. Kabla ya kuvua kava ni vema kujiuliza maji huonekana lini na yakoje.

- Kapeti ikilowa siku za jua kali na kipoza hewa kikiwa kimewashwa, hasa upande wa abiria wa mbele, chanzo huwa ni bomba la kutolea maji ya kipoza hewa lililoziba.
- Maji yakiwa na rangi, yenye utelezi na harufu ya utamu, huwa ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita. Hayo ni sumu, na injini iko hatarini kuchemsha.
- Unyevu ukianzia juu, karibu na dashibodi, huenda ni gundi ya kioo cha mbele au majani yaliyoziba mfereji wa chini ya kioo hicho.
- Gari lenye dirisha la paa huwa na mirija midogo inayoshuka ndani ya nguzo. Ikiziba, maji hutokea miguuni mwa abiria.
- Kapeti ikilowa wakati wa mvua au baada ya kuosha gari tu, na unyevu ukianzia kwenye kizingiti, mlango ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Kutafuta chanzo

Kosa kubwa katika kazi hii ni kuanza kuziba kabla ya kuona. Maji hufuata uso wa bati na nyaya, na hudondoka mahali pa chini kabisa, si pale yalipoingilia. Utaratibu ufuatao hutumia vitu vinavyopatikana popote.

1. Kukausha. Kapeti huinuliwa na sehemu yote hufutwa. Magazeti makavu hutandazwa kwenye kizingiti na sakafuni. Bila kuanzia pakavu, jaribio halina maana.

2. Kukagua matundu. Mlango hufunguliwa na ukingo wake wa chini huangaliwa kwa tochi au kupapaswa kwa kidole. Kisha lita moja ya maji humiminwa taratibu kwenye kioo kwa nje, pale kinapoingia mlangoni. Maji yaliyopita mpira wa kioo yanapaswa kuanza kutoka chini muda mfupi baadaye. Yasipotoka, matundu yameziba.

3. Kipande cha karatasi. Ukanda wa karatasi huwekwa kati ya mlango na fremu, mlango hufungwa, kisha ukanda huvutwa. Ukitoka kwa kugoma, mpira unabana. Ukiteleza bila kizuizi, hapo pana nafasi. Jaribio hurudiwa kila baada ya sentimita kumi kuzunguka mlango wote.

4. Chaki. Mpira wa mlango hupakwa chaki, mlango hufungwa na kufunguliwa. Alama itakayobaki kwenye fremu huonyesha mahali mpira unapogusa, na sehemu isiyo na alama ndiyo isiyogusa.

5. Mpira wa maji. Mtu mmoja hukaa ndani na tochi, mwingine humwagilia nje kwa mkondo mdogo usio na presha. Huanza chini ya mlango na kupanda polepole, akikaa dakika kadhaa kila hatua. Akianza juu, maji yatashuka na kulowesha kila mahali, na chanzo hakitajulikana. Pampu ya kuoshea magari haifai, kwa kuwa presha yake hupenyeza maji hata kwenye mpira mzima.

6. Kuvua kava. Majaribio ya mpira yakipita na maji bado yakaingia, kava huvuliwa na hatua ya tano hurudiwa. Michirizi inayopita juu ya karatasi ya nailoni, kwenye spika au kwenye nyaya huonekana wazi.

Matengenezo

Kuvua kava. Betri hutolewa waya wa hasi na kusubiriwa dakika chache, hasa katika magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni. Skrubu hufichwa nyuma ya mkono wa kufungulia, chini ya pahali pa kuegemeza mkono na mara nyingine pembeni. Zikishatolewa, kava huachiwa kutoka kwenye klipu zake kwa kifaa cha plastiki au bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, kuanzia chini. Halivutwi kwa nguvu, kwa kuwa nyuma yake kuna soketi za swichi na waya wa kitasa. Klipu huvunjika kirahisi, hivyo ni vizuri kuwa na chache za akiba.

Kuzibua matundu. Udongo huchokonolewa kutoka chini kwa kijiti au waya uliofunikwa plastiki, ili rangi isikwaruzwe. Kisha maji safi humiminwa ndani hadi yatoke bila tope. Mara nyingi kazi huishia hapa, na gharama yake ni muda tu.

Karatasi ya nailoni. Ikiwa nzima lakini imebanduka, gundi ya zamani husafishwa na kuwekwa mkanda wa butili, ambao haugandi wala kupasuka na huruhusu kufunguliwa tena. Ikiwa imechanika, ya zamani hutandazwa juu ya nailoni ngumu ya ujenzi na kukatwa kama fundi cherehani anavyofuata ruwaza. Nailoni nyembamba ya mfuko haifai. Hupasuka upesi, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni ukingo wa chini. Katika milango mingi ukingo huo huchomekwa ndani ya mwanya wa bati, ili maji yanayoteremka juu ya karatasi yarudi mlangoni na kutoka kwenye matundu. Ukiachwa ukining'inia nje ya mwanya, karatasi hugeuka kuwa mfereji wa kupeleka maji kwenye kapeti. Bati pia liwe kavu kabisa, la sivyo gundi haitashika.

Mpira wa mlango. Mpira uliobonyea bila kupasuka unaweza kusafishwa kwa maji ya sabuni, kukaushwa na kupakwa gliserini au grisi ya silikoni. Uliopasuka hubadilishwa. Mpira wa mtumba uliotolewa kwenye gari la aina ileile huweza kutumika iwapo bado ni laini na ukibonyezwa hurudi. Maungio yake huwekwa chini na si juu.

Mlango uliokaa vibaya. Mlango hufunguliwa kidogo na kuinuliwa kwa mkono. Ukicheza juu na chini, bawaba zimechoka na zinahitaji fundi bodi. Bawaba zikiwa nzima, chuma ambacho kitasa hukishika kwenye nguzo husogezwa ndani kidogo. Mahali kilipokuwa huchorwa kwanza, ili kiweze kurudishwa.

Kutu. Bati lililoanza kuliwa husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, hupakwa praima ya kuzuia kutu na kisha rangi. Lililotoboka hukatwa na kuungwa jipya. Kuliziba kwa puti peke yake huficha kutu inayoendelea.

Kukausha. Kapeti na sponji yake hutolewa na kuanikwa juani. Kuacha sponji mbichi ndani ni kuacha nusu ya kazi.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuziba matundu ya chini kwa silikoni kwa kudhani kwamba maji huingilia hapo. Kufanya hivyo huugeuza mlango kuwa ndoo.

La pili ni kutumia silikoni yenye harufu ya siki. Asidi yake huchochea kutu ya bati.

La tatu ni kupaka mipira dizeli, mafuta ya taa, grisi ya kawaida au oili. Mpira hung'aa siku chache, kisha huvimba na kulainika vibaya.

La nne ni kutoboa matundu mapya. Bati lililotobolewa bila kupakwa rangi huanza kuoza kutoka kwenye ukingo wa tundu.

La tano ni kurudisha kava bila karatasi. Mbali na maji, baadhi ya magari mapya yana kihisio cha mgongano ndani ya mlango kinachopima badiliko la presha ya hewa. Mlango usiozibwa vizuri unaweza kukifanya kisifanye kazi ilivyokusudiwa wakati wa ajali.

Magari yaliyozama

Mipira ya mlango imeundwa kwa ajili ya mvua, si kwa gari kusimama majini. Maji yakifika usawa wa kizingiti huingia kwa wingi, pamoja na tope. Gari la namna hiyo lisiwashwe kabla halijakaguliwa.

Mnunuzi wa gari la mtumba anaweza kutafuta dalili hizi: mstari wa tope nyuma ya kava la mlango, kutu kwenye skrubu na reli za viti, mchanga ndani ya mkunjo wa mlango, na manukato makali yaliyowekwa kuficha uvundo. Kapeti huoshwa, nyuma ya kava kwa kawaida hakuoshwi.

Ni muhimu pia kujua nguvu ya maji. Kwenye mlango wenye upana wa mita moja, maji ya kina cha nusu mita upande wa nje tu husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 125. Mtu aliye ndani anaweza kushindwa kuufungua, na vioo vya umeme vinaweza kukataa vikilowa. Kwa hiyo hakuna mlango, hata uliotengenezwa vizuri namna gani, unaoruhusu dereva kuvuka mto uliofurika.

Kinga

Kinga hufanyika kiangazi, kabla ya mvua. Matundu ya chini ya milango yote huzibuliwa angalau mara moja kwa mwaka, na kwa gari linalotembea njia za vumbi mara mbili. Mipira hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Kila mlango unapofunguliwa kwa matengenezo yoyote, mwenye gari huomba kuiona karatasi ya nailoni ikiwa imegandishwa kabla kava halijarudishwa. Anayeosha gari kwa pampu huelekeza maji kutoka juu kwenda chini, na si moja kwa moja kwenye mpira wa kioo.

Tazama pia

- Gari
- Kutu
- Mpira
- Masika
- Dumila
- Wilaya ya Kilosa